Nimeboreka: neno "boring" lilivyofika kwetu, na tulichokuwa nacho kabla yake

Wasikilize watoto wetu wa Al-Baghdadiyah wakizungumza Kiswahili kwa dakika kumi tu, utakutana na maneno matatu ya Kiingereza: "sorry", "actually" na "boring". Mawili ya mwanzo nawaachia wengine. Hili la tatu halijanitoka kichwani tangu tuliporikodi kipindi cha safari za likizo. Wageni wetu wote wanne, kila mmoja kwa wakati wake, walisema jambo moja: Unguja kwa bibi ni kuzuri, bahari ipo, maembe yapo, lakini baada ya wiki mbili kunaboa. Mmoja akaongeza kwamba hata Kiswahili chenyewe kinaboa. Kesho yake akatuletea ujumbe mzee mmoja ambaye hutusikiliza kila wiki: enzi zetu, akasema, neno hilo hatukuwa nalo, na kwa hivyo na ugonjwa wenyewe hatukuwa nao.

Mzee tunamheshimu, lakini hapa nabishana naye. Na kijana wetu aliyesema Kiswahili kinaboa, naye nina maneno naye.

Tuanze na Waingereza, maana hata wao hawakuzaliwa na "boring". Neno lao la zamani zaidi ni "dull". Hilo limetoka kwenye Kiingereza cha kale, na maana yake ya mwanzo ni mjinga, mtu asiyefahamu. Ndugu yake wa Kijerumani, "toll", alikuwa na maana ya wazimu, na leo Mjerumani analitumia kusifia kitu kizuri. (Maneno nayo yana bahati zao.) Kutoka kwenye ujinga, "dull" likahamia kwenye kisu kisichokata, rangi iliyofifia, siku ya mawingu. Sisi tuna neno lililopita njia jirani kabisa na hiyo, nalo ni butu. Kisu butu, akili butu.

Kama wazazi wako walisoma skuli Kenya au Tanzania, waulize juu ya methali ya Kiingereza ya Jack, anayefanya kazi bila ya kucheza akaishia kuwa "dull". Imo kwenye mkusanyo wa methali wa James Howell wa mwaka 1659. Siku hizi wengi huifahamu kwamba Jack atakuwa mtu wa kuchosha wenzake kwenye karamu. Sivyo. Jack atakuwa butu, akili yake itakuwa haikati. Hasara ni ya Jack mwenyewe. Shikilia hapo, tutaparudia.

Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa mjini London, na kwenye maana mojawapo ya "dull", ile ya kitu kisichofurahisha, mfano alioutoa ni kazi ya kutunga kamusi. Maskini, alikuwa amekaa nayo miaka mingi, alijua anachokisema. Lakini tafuta "bore" katika kamusi hiyo hiyo: utakuta kutoboa, kutoboa kwa keekee, basi. Maana ya kumchosha mtu haimo.

Inajitokeza miaka michache baadaye, kwenye barua za vijana wa kitajiri. Mwaka 1768 Earl wa Carlisle, kijana ambaye hata miaka 21 hajafika, aliandika kwamba anawahurumia rafiki zake wa Newmarket, mji wa mbio za farasi, kwa sababu kuna Wafaransa wanakwenda huko na watawa-"bore". Hiyo ni katika mifano ya mwanzo kabisa inayojulikana. Neno limetoka wapi, wataalamu hawajakubaliana. Wengi hufikiria keekee: mtu anakuzungumzisha mpaka unahisi anakutoboa kichwa. Inapendeza, ila haijathibitika. (Na kwa Mtanzania wa leo kutoboa ni kufanikiwa maishani. Mtu akikwambia "mwaka huu natoboa", usimwonee huruma.) Baadaye wakalitengenezea na jina la hali, "boredom". Watu husema aliyelibuni ni Charles Dickens katika riwaya ya Bleak House ya 1852 na 1853, lakini lilikwishaonekana gazetini zaidi ya miaka 20 kabla yake.

Sasa mlinganishe Carlisle na Jack. Jack akiwa "dull", kasoro iko kwa Jack. Carlisle anaposema Wafaransa watawachosha rafiki zake, kasoro iko kwa Wafaransa. Wale vijana wenye farasi, mashamba na wakati usio na kazi hawana lawama. Dunia ndiyo imeshindwa kuwafurahisha. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 neno jipya lilifanya kazi hiyo, na mpaka leo inaifanya. Ukisema "it's boring" umekaa kiti cha hakimu. Wewe hushtakiwi.

Nasema "jipya" kwa Waingereza tu. Waarabu walishamjua mtu wa namna hiyo zamani sana, na walimpa jina: thaqil, mzito. Ibn al-Marzuban, mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima cha kuwalaumu watu wazito, Dhamm al-thuqala. Tangu kufa kwake mpaka barua ya Carlisle ni zaidi ya miaka 800. Sisi tunaokaa mtaa wenye Baghdad ndani ya jina lake tuna haki ya kujivunia kidogo. Na hapa Jeddah hadi leo mtu asiyechekesha, mwenye kukaa barazani kwako mpaka unatamani adhana isikike, anaitwa mzito wa damu. Kiswahili nacho kikaenda kwenye damu hiyo hiyo, ila kwa njia yake: mtu anayechukiwa na kila mmoja bila ya sababu ya kueleweka tunasema ana damu ya kunguni. Mzito kwetu sisi ni kitu kingine. "Yule ni mtu mzito" ukisikia Dar es Salaam, simama umsalimie.

Turudi kwa mzee wetu na hoja yake kwamba neno halikuwapo. Neno moja halikuwapo, ni kweli. Yalikuwapo mengi, na yalikuwa yamegawana kazi.

Kuchosha linajulikana, nalo ni la mwili kwanza: safari inachosha, ngazi zinachosha, na hotuba pia. Kuchusha ni kali zaidi. Kitu kinachochusha unaona kinyaa nacho, hutaki hata kukitazama. Kwa chakula kisicho na ladha kuna chapwa, mchuzi chapwa, na kutoka jikoni neno limetoka nje mpaka kwenye mazungumzo chapwa. Hadithi nayo huwa na chumvi au haina. Ndiyo maana anayepamba hadithi kwa uongo mdogo mdogo tunasema anatia chumvi: alionja, akaona haikukolea. Harusi iliyokosa watu imepooza. Biashara imedorora. Filamu imedoda. Mtu aliyeachwa peke yake katika nyumba kubwa yumo katika ukiwa, na ukiwa si jambo la mzaha, ni karibu na msiba.

Halafu kuna kukinai, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nyinyi mnaosoma skuli za Kiarabu mtaligundua. Ni qana'a. Katika Kiarabu qana'a ni sifa njema: kuridhika na ulichopewa, kutosheka. Kiswahili kimeichukua maana hiyo ikabaki, kinaa ni kutosheka hadi leo. Lakini kwenye midomo ya watu wa pwani kitenzi kikaendelea na safari. Aliyekinai ametosheka, halafu amezidi kutosheka, halafu hataki tena. Wali wa nazi ukizidi tui unakinaisha. Halua vipande viwili ni raha, cha tano kinakinaisha. Yaani neno moja limebeba neema na ubaya wa neema ikizidi, na hakuna mstari uliochorwa katikati. Ukimwambia bibi "nimekinai" atajua mambo matatu kwa pamoja: ulipewa, ulifurahi, na sasa imetosha. "It's boring" halimwambii hata moja kati ya hayo. Linamwambia kwamba alichokupa hakikuwa kizuri.

Hiyo ndiyo sababu sura ya bibi hubadilika mnapolisema. Haoni unaeleza hali yako. Anaona umemhukumu, yeye na nyumba yake na wali wake.

Kuna na njia nyingine ambayo Kiswahili hutumia, na hiyo hata haina neno lake, ina sarufi tu. Mpigie simu shangazi umuulize hali. "Nipo nipo tu." Nipo mara moja ni habari: niko hapa. Nipo mara mbili ni kuwapo kusikokwenda popote. Nakaa kaa, natembea tembea, tunaishi ishi. Rudia kitenzi, weka "tu" mwishoni, umeshaeleza mchana mzima wa kuangalia feni ikizunguka. Halijamlaumu mtu. Lakini usikie vizuri, maana "nipo nipo tu" wakati mwingine ni salamu na wakati mwingine ni kilio, na simu haikuonyeshi uso.

Kwa hivyo mzee wetu hapati kwangu. Wazee walikuwa nao ugonjwa, tena waliujua kwa majina kama mvuvi anavyowajua samaki. Na kama mtu bado ana shaka, namleta shahidi.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mume alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilitoka Berlin. Humo anaeleza kwamba Wazungu walimsumbua kwa swali moja mara nyingi kupita kiasi: hivi kwenu watu wanaishije bila ya kazi ya kufanya? Hawakusema "boring", walikuwa Wajerumani, lakini swali ni lile lile la wageni wetu wanne. Waliitazama nyumba ya Kizanzibari kwa mbali wakaona watu wamekaa tu.

Jibu lake halikuwa la kuomba radhi. Kaskazini, anasema, lazima mtu ajitayarishe na majira ya baridi, na mwaka mzima unakwenda katika matayarisho hayo. Kusini mahitaji ni machache. Kisha anawaonyesha siku ilivyopangwa kwa sala tano, kutoka alfajiri mpaka isha, nani anakwenda kwa nani, lini watu wanakula, lini wanatembeleana. Nikiisoma sehemu hiyo naona mtu anayewafundisha wageni kusoma saa isiyo na mishale. Katika maandishi yake ya Hamburg, kinyume chake, yamejaa ukiwa: madirisha yaliyofungwa, watu wasiobisha hodi, lugha asiyoijua. Yaani mwanamke waliyemdhania alichoka Zanzibar, upweke ulimkuta kwao.

Na anasema alianza kuyaandika haya kwa ajili ya nani? Watoto wake. Walikuwa hawajui mengi kuhusu mama yao zaidi ya kwamba ni Mwarabu na ametoka Zanzibar. Kizazi cha pili, jamani. Wangetualika kwenye kipindi chao.

Mamangu hakuandika kitabu. Alipofika Jeddah mtaa ulikuwa tayari umejaa watu. Ukuta wa mji wa zamani ulibomolewa mwaka 1947 na watu wakamwagika nje yake, na Al-Baghdadiyah, kaskazini tu ya Balad, ilikuwa ni miongoni mwa mitaa iliyowapokea. Baba yuko kazini, mama yuko nyumbani na watoto, gari haendeshi kwa sababu sheria haikumruhusu mwanamke mpaka Juni 2018. Alhamisi na Ijumaa ndiyo ilikuwa wikendi (ilihamishwa kuwa Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013), na Ijumaa jioni tulikwenda Corniche na thermos ya chai na kachori. Siku nyingine zote alirikodi kaseti za kupeleka nyumbani. Moja ninayo. Nusu saa ya sauti yake, na kila baada ya habari mbili tatu anarudi hapo hapo: "Basi ndo hivyo, tupo tupo tu." Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisikia kama salamu.

Sisi watoto tulikuwa na neno letu, na halikuwa la Kiingereza. Tulisema tafshan. Ukizaliwa Saudia hulifundishwi, unalipumua. Tafash ni hali ya kuchoka na kukaa, ya usiku wa Alhamisi usio na pa kwenda. Mmisri akisikia kitenzi hicho anafahamu kitu kingine, kutoroka, mtoto aliyetafash amekimbia kwao, na mimi naona maana zote mbili zimekaa chumba kimoja. Watu wa Hijaz husema pia zahgan, na mzizi wake katika Kiarabu cha zamani hutumika kwa roho inayotoka mwilini. Hebu fikiria mtoto wa miaka kumi analala chali kwenye zulia anamwambia mama yake roho imemtoka, kisa umeme umekatika na Spacetoon haionyeshi.

Usidharau lakini. Mtafiti wa Kifaransa Pascal Menoret aliishi Riyadh na vijana wa tafhit, wale wa kuserereka na magari usiku kwenye barabara pana, na katika kitabu chake cha mwaka 2014, Joyriding in Riyadh, anakuta neno hilo hilo katikati ya mambo yao: tufush. Kwao halikuwa kukosa la kufanya tu. Ilikuwa ni kuuona mji mkubwa wenye kila kitu nawe huna mlango wa kuingilia. Sinema zilikuwa zimefungwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maduka makubwa mengi yaliwarudisha mlangoni vijana wa kiume wasiokuja na familia. Kilichobaki ni barabara na petroli rahisi, na wengine walikufa humo.

Serikali yenyewe mwishowe iliona kwamba jambo hili si la watoto. Mwaka 2016 ikaundwa Mamlaka ya Burudani, Aprili 2018 sinema ikafunguliwa tena Riyadh, na Januari 2019 ikawa zamu yetu Jeddah. Wadogo zangu hawajui nilikuwa nasema nini na tafshan yangu. Wanalitumia, lakini kwao ni la dakika tano, intaneti ikiwa nzito.

Ndipo "boring" linapoingia, na njia yake hadi kwetu si moja. Wengine wamelipata skuli za kimataifa na YouTube. Wengine, na hili ndilo linanifurahisha, wamelipata kutoka nyumbani likiwa limeshavishwa kanzu. Nairobi wanasema "inaboo", "umeniboo". Dar es Salaam wanasema "inaboa", na ukishakuwa na kuboa Kiswahili hakikuachi hapo: kuboana, kuboeka, ukaboeka wewe, wakaboeka wao. Walimu hawalipendi. Mimi sina ugomvi nalo. Lugha iliyochukua qana'a ikaifanya kukinai haishindwi na "bore", na kuboeka tayari linafanya jambo ambalo Kiingereza cha Carlisle hakikulitaka: linamrudisha mtu ndani ya sentensi. Nimeboeka mimi. Ukimwambia bibi hivyo anaweza kukuuliza kwa nini, na akakutuma dukani, na njiani ukakutana na watu.

Kwa kijana wetu aliyesema Kiswahili kinaboa: hujaboeka nacho, umepewa chapwa. Umepewa "shikamoo", "umekula?", "funga mlango", kwa miaka 20, na hadithi zenye chumvi watu wazima wakazipigana wao kwa wao sebuleni mlango umefungwa. Madai hayo yapeleke kwa waliofunga mlango. Nami nitakuwa nyuma yako.

Ipo hatari moja tu ninayoiona katika neno hili jipya, na ni ya tahajia. Wapo wanaosema "nimeboreka" badala ya "nimeboeka", na kuboreka lilikuwa na kazi yake siku nyingi. Linatoka kwenye bora. Barabara zimeboreka, huduma zimeboreka; kila hotuba ya serikali inaboresha kitu. Mwaka juzi bibi alilazwa, na kwa siku tano kundi la familia la WhatsApp lilikuwa halilali. Siku ya sita shangazi akaandika kutoka Unguja: "Alhamdulillahi, hali ya bibi imeboreka." Mdogo wangu wa Jeddah akajibu papo hapo, tena kwa huruma kabisa: "Maskini bibi. Mpeni simu aangalie video." Zikaja ishara za kicheko kutoka Muscat, London na Mombasa, na shangazi akalazimika kueleza. Jioni akamsomea bibi mazungumzo yote pale kitandani. Bibi akasema mwandikieni yule mtoto kwamba zote mbili ni kweli, na hiyo simu aje nayo mwenyewe.